Ngoma Ilikuwa Mazoezi: Toka Mbeni ya Kambi Mpaka Spoti ya Asubuhi



Siku ya Posho asubuhi, kabla jua halijawa kali, ukipita katika mitaa yetu ya Lubumbashi unaweza kukuta watu 15 ao 20 wamesimama mistari kwenye kiwanja. Kuna bafle ya muziki, kuna kijana mbele anayeonyesha miguu, na nyuma yake kuna wamama wa vitenge, wababa wenye tumbo, na wanafunzi. Wanaruka, wanazungusha kiuno, wanacheka. Ukiuliza, "Munafanya nini hapa?" watakujibu, "Tunafanya spoti." Vijana wanaiita zumba.

Wazee wengine wanatikisa kichwa. Wanasema ile ni mambo ya kigeni, imeingia juzi tu kwa video. Katika maandishi haya tunataka kuonyesha kwamba siyo hivyo. Kukutana siku moja ya juma, kucheza mistari pamoja mpaka jasho, ni desturi ya zamani katika miji ya shaba. Na historia yake ina fundisho kubwa: mtu anadumu katika mazoezi wakati anapata humo furaha na wenzake. Akilazimishwa, anaacha siku ile ile amri inapokufa.

MBENI INAFIKA KATANGA

Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, ulianza mwaka 1910, na treni kutoka kusini ilifika mwaka ule ule. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilitafuta watenda kazi mbali, hata Rodezia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikageuza mpango: ikataka mtenda kazi akae kambini na bibi yake na watoto, siyo kukaa miezi michache na kurudi kijijini. Hivyo watu wa lugha nyingi wakajikuta mlango kwa mlango, bila ukoo, bila wazee wao.

Ni katika maisha yale Mbeni ilipata nguvu. Ngoma hii ilizaliwa pwani ya Afrika ya Mashariki, pande za Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Jina lake latoka kwa neno la Kiingereza lenye maana ya fanfari. Watu waliona askari wa wazungu wakitembea kwa ngoma na tarumbeta, nao wakaifanya kuwa mchezo wao. Vita ya 1914-1918 iliisambaza kwa miguu ya askari na wapagazi, kisha watenda kazi wakaichukua mpaka kwenye migodi. Katika miaka ya 1920 ilikuwa imekwisha kuwa ngoma ya Elisabethville.

Kikundi cha Mbeni kilikuwa na mistari, mavazi safi na vyeo vilivyoigwa kwa wakubwa wa kizungu. Lakini chini ya vyeo vile kulikuwa kazi ya kweli: mwenzao akigonjwa wanamuangalia, akifa wanamzika. Serikali ya kikoloni haikuipenda. Baada ya mgomo wa 1935 katika migodi ya Rodezia ya Kaskazini, tume ya uchunguzi iliuliza sana habari za Mbeni, juu watu waliojua kukusanyika na kusikilizana kwa ngoma waliweza kusikilizana kwa mambo mengine pia.

MUGANGA, MUUGUZI NA KIOO

Kutoka Mbeni ikazaliwa ngoma nyingine, Kalela, iliyochezwa pande zote mbili za mpaka. Mwalimu mmoja wa Uingereza, J. Clyde Mitchell, aliichunguza kule Luanshya, akatoa kitabu mwaka 1956. Anaeleza kikundi cha vijana kama 20, kikicheza Siku ya Mungu mchana na siku za sikukuu. Ngoma zao zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyofunikwa ngozi ya ng'ombe. Walivaa mashati safi na viatu vya kung'aa.

Walikuwa na "mfalme" aliyeangalia mambo ya kikundi, na "muganga" mwenye kanzu nyeupe na msalaba mwekundu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatia wachezaji moyo. Na kulikuwa na "muuguzi", mwanamke mmoja peke yake, amevaa nyeupe, akipita kati ya mistari na kioo na kitambaa, ili kila mmoja ajipanguse na ajione kama bado yuko sawa.

Tusimame kidogo hapo. Mtu aliyefanya kazi ya mgodi juma nzima hakuhitaji spoti. Mikono yake ilikuwa imechoka, mgongo unauma. Lakini Siku ya Mungu alikuja, na juma lililofuata alirudi tena. Kwa nini? Juu wenzake walikuwa wanamungojea. Juu alikuwa na nafasi yake katika mstari, na angekosa ingeonekana shimo. Juu kuna mtu aliyempa kitambaa. Kama furaha iliweza kumsimamisha mtu aliyechoka hivyo, itashindwa kumsimamisha mtu anayekaa kwenye kiti toka asubuhi mpaka magaribi?

NGOMA YA AMRI

Kuna ukurasa mwingine ambao hatuwezi kuuficha. Katika miaka ya 1970, wakati nchi iliitwa Zaire, ikaja ile iliyoitwa animation. Shuleni na kazini watu walisimamishwa mistari, wakaimba na kucheza sifa za chama na za mukubwa wake. Sisi tuliosoma wakati ule tunakumbuka vizuri. Asubuhi, jua likitoka, tulicheza nusu saa mbele ya bendera. Kwa mwili yalikuwa mazoezi ya kweli, hata pengine makali kuliko ya leo. Na muziki ulikuwa mzuri, hatuwezi kusema uongo.

Lakini moyo haukuwamo. Asiyeinua mguu aliitwa pembeni. Wamama wengine walisimamishwa siku nzima kungojea mgeni mukubwa, bila maji. Tarehe 24 mwezi wa nne 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, ile ngoma ilikufa. Hakuna aliyebaki kiwanjani kusema, "Tuendelee kidogo, ni mzuri kwa afya." Miaka karibu makumi mawili ya kucheza kila wakati haikuacha desturi hata moja. Mbeni, ambayo wakubwa waliichukia, iliendelea kuzaa watoto. Animation, ambayo wakubwa waliipenda, haikuzaa.

NGOMA INARUDI NYUMBANI

Basi zumba? Ilianzishwa na Beto Pérez, mwalimu wa dansi wa mji wa Cali katika Kolombia, miaka ya 1990. Kampuni yake ikaundwa Marekani mwaka 2001. Inachezwa kwa salsa, merenge na kumbia. Na salsa ina mizizi Kuba, mahali ambapo watu waliochukuliwa utumwa kutoka nchi za Kongo walifika na midundo yao. Sahani za Kuba zilirudi kwetu wakati wa ukoloni, zikasaidia kuzaa rumba ya kisasa, ile UNESCO iliyoandika katika urithi usioshikika wa wanadamu mwaka 2021. Kwa hiyo kijana anayezungusha kiuno kiwanjani hajaiba kitu cha mtu.

Mama yangu mkubwa aligonjwa tansio. Munganga alimwambia atembee kila siku. Alitembea juma mbili, peke yake, kisha akaacha. "Nilikuwa najiona sawa mupumbafu," alisema. "Kutembea bila kwenda mahali!" Baadaye jirani akamvuta kwenye kikundi cha wamama wanaocheza mara tatu kwa juma. Mwaka wa tatu huu hajaacha. Akikosa siku moja, saa mbili kuna mtu mlangoni: "Mama, tulikukosa, uko muzima?" Dawa zake anaendelea kunywa, maana ngoma haiondoi dawa. Lakini anapanda ngazi ya kanisa bila kusimama katikati.

Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, liliandika mwaka 2020 kwamba mtu mzima anahitaji dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya kadiri kwa juma. Ukicheza dakika 50 mara tatu, umefika 150. Kipimo chake ni rahisi: mazoezi ya kadiri ni yale ambayo bado unaweza kuongea na jirani, lakini kuimba wimbo mzima hauwezi.

Kwa wale wanaotaka kuanzisha kikundi, wazee wa Mbeni na Kalela wametuachia njia. Muchague siku na saa, musizibadilishe. Kila mmoja apewe kazi: wa muziki, wa maji, wa kuwatembelea wasiokuja. Muwe na "muuguzi" wenu, anayeangalia nani anachoka, na mwenye ugonjwa aulize munganga kwanza. Asiyeweza kuruka apige makofi pembeni, kesho ataingia. Na musiweke lamande kwa anayekosa. Tumeona kikundi kimoja kilichoanza kutoza, na kingine kilichokubali kuvaa mashati ya mwanasiasa: vyote viwili vilibaki na bafle tu.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu peke yake anaweza kuanza mazoezi. Ili aendelee, anahitaji watu watakaoona nafasi yake ikibaki wazi.