Ukoka wa Kalenga mwezi wa saba

Kila ikifika Juni, wenye bustani pale Iringa mjini wanaanza ugomvi na ukoka wao. Umegeuka njano, ukikanyagwa unalia kama karatasi, na mwenye nyumba anashika mpira wa maji asubuhi na jioni mpaka bili inamtoa jasho kwenye baridi. Wadau, kabla hujafungua bomba tena, hebu tupitie historia kidogo.

Tuanze na tarehe. Wahehe walikisambaratisha kikosi cha Emil von Zelewski kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Wajerumani wakarudi na kuibomoa ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Mtwa Mkwawa akajipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 badala ya kukamatwa. Zote tatu ni za kiangazi, na si ajabu: jeshi linalotembea kwa miguu na wapagazi wake husubiri njia zikauke na mito ipungue. Hata fuvu la Mkwawa, lile lililotajwa kwenye ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa 1919, Gavana Edward Twining alilikabidhi Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Kwa hiyo anayetaka kuiona Kalenga ya historia asiende Februari. Aende mwezi wa saba, nyasi zikiwa na rangi ya simba.

Na mbele ya nyumba je? Hapakuwa na nyasi kabisa. Uwanja ulifagiwa mpaka udongo ukang'aa, na nyasi zilizokaribia mlango zilimaanisha mawili: nyoka na uvivu. Bibi zetu wengi bado wanaamini hivyo, nami niko upande wao.

Zulia la kijani ni mazoea ya Waingereza. Kwao mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na mwaka 1830 mwenzao Edwin Budding akabuni mashine ya kukatia nyasi. Walipotawala Tanganyika, mpaka 1961, mazoea yale yakaja nao kwenye boma na nyumba za maofisa, ila mashine ikawa fyekeo mkononi mwa kibarua au mfungwa. Baadaye fyekeo likahamia shuleni. Nani kati yetu hajawahi kupewa adhabu ya kufyeka?

Kinachochekesha ni kwamba nyasi zenyewe ni za kwetu. Zile nene ziitwazo nyasi za Kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Miaka ya 1910 zilikuwa zimeshapelekwa Afrika Kusini, na muda si mrefu zikafika Australia na California, ambako leo wengine wanapigana nazo kama magugu. Zilizoea kiangazi cha huku kabla hatujawa na bomba.

Zinazoeaje? Zinalala. Iringa iko kwenye mita 1,600 hivi, na usiku wa Julai baridi inazipunguzia kasi. Lakini kubwa zaidi ni ukame, maana mvua ikikata Mei hairudi mpaka Novemba au Desemba. Jani linakauka, chakula kinabaki kwenye mizizi na vile vishina vitambaavyo. Hazijafa.

Basi ziache zilale. Usizikate fupi, maana jani refu linakinga udongo. Usiweke mbolea sasa. Ukilazimika kumwagilia, mara moja kwa wiki, asubuhi, maji yazame mpaka chini; kunyunyizia kidogo kidogo kila siku kunaivuta mizizi juu. Na wa Mufindi na Njombe, sakitu ikianguka, msikanyage mpaka jua litoke, jani lililoganda linavunjika.

Maji hayo yanatoka wapi? Mji wa Iringa unategemea mto Ruaha Mdogo, huohuo unaopita Kalenga. Unakwenda kuungana na Ruaha Mkuu kabla ya bwawa la Mtera. Ruaha Mkuu wenyewe, huko juu ndani ya hifadhi, umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990. Tuliokaa gizani kwenye mgawo wa umeme wa 2006, Mtera ilipopungua, tunajua kina cha bwawa lile kinahusu nini.

Mvua za kwanza zikishuka, mwaga samadi iliyooza vizuri na ufyeke yale makavu ya juu. Baada ya wiki chache utakuwa unalalamika kwamba ukoka unakua mno.