Onyo la Oili katika Injini: Jina Lake na Namna ya Kulijaribu

Istilahi 'onyo la upungufu wa oili' hutumiwa kwa mfumo mdogo wa injini, wenye swichi, waya na taa, ambao kazi yake ni kumjulisha dereva kwamba oili ya kulainisha imepungua au haifiki inakotakiwa. Neno 'mafuta', ambalo lingemjia mfasiri kwanza, halifai kuachwa peke yake, kwa kuwa katika vituo vya Kahama na Geita, kama kwingineko Tanzania, lina maana ya petroli au dizeli, na dereva anayeambiwa kuwa taa ya mafuta imewaka hufikiria tangi kabla ya kufikiria injini. Mafundi wamekwisha kulimaliza tatizo hilo kwa kusema 'oili', nao wamefanya vyema. Neno linalohitaji kuchunguzwa zaidi ni 'upungufu'.

Katika magari mengi, taa nyekundu yenye mchoro wa kopo lenye mdomo mrefu na tone, ambao ni miongoni mwa alama za kimataifa za ISO 2575, haipimi wingi wa oili iliyomo katika sampu, yaani bakuli la chini la injini, bali presha ambayo pampu huitumia kuisukuma oili hiyo hadi kwenye beringi za krenki. Fizikia ya shuleni huiita 'kanieneo', matabibu husema 'shinikizo' wanapozungumzia damu, na gereji husema 'presha'. Kati ya hayo matatu, la gereji ndilo linalofaa hapa, kwa sababu mwenye spana mkononi hulielewa bila kufafanuliwa. Taa hiyo, basi, iitwe 'onyo la presha ya oili', na jina la 'onyo la upungufu wa oili' liachiwe vifaa vinavyopima kina. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa injini yaweza kuwa na sampu iliyojaa na bado ikakosa presha kwa sababu pampu imechoka au beringi zimelika, na yaweza pia kupoteza oili nyingi kabla presha haijashuka kiasi cha kuwasha taa. Anayengoja taa ndipo ajue kwamba oili imepungua amekwisha kuchelewa.

Swichi yenyewe hufungwa kwenye bloku ya injini, na ndani yake mna kiwambo chembamba kinachozuiwa na springi. Injini ikiwa imezimwa, springi huunganisha waya wa taa na bodi ya injini, kwa hiyo ufunguo unapozungushwa kabla ya kupiga stata, taa huwaka. Injini ikishaunguruma, oili hukisukuma kiwambo, muunganiko hukatika, na taa huzimika baada ya sekunde chache. Swichi nyingi hukata katika presha ya baa 0.3 hadi 0.5 hivi, kiwango kilicho chini mno, kinachotosha kutangaza hatari lakini kisichotosha kuthibitisha afya ya injini.

Hapo ndipo vitenzi viwili visipotenganishwa huleta madhara. 'Kupima oili' ni kuchomoa kijiti na kutazama alama, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa. 'Kujaribu onyo' ni kuhakikisha kwamba mjumbe yuko hai. Jaribio la kwanza ni la kila asubuhi: ufunguo ukizungushwa na taa isiwake, onyo limekufa, hata kama injini ni nzima. Katika magari yenye mfumo rahisi, usio wa kompyuta, fundi huchomoa waya wa swichi na kuugusisha kwenye bodi ya injini, ufunguo ukiwa umewashwa. Taa ikiwaka, kosa liko kwenye swichi, na isipowaka, liko kwenye balbu, fyuzi au waya. Taa inayobaki ikiwaka injini ikifanya kazi ni jambo jingine kabisa. Injini huzimwa papo hapo, kijiti huchomolewa, na kina kikiwa sawa, swichi hufunguliwa na geji ya presha hufungwa mahali pake ili kipimo kilinganishwe na kitabu cha mtengenezaji. Kubadilisha swichi bila geji ni kubahatisha kwa mali ya mtu.

Ukanda wa dhahabu wa Kahama na Geita una sababu zake za kulijali jambo hili. Barabara za changarawe zinazoelekea machimboni, kama zile za kuelekea Nyarugusu na Rwamagasa, hurusha mawe yanayoweza kuitoboa sampu, na vumbi linalopenya chujio bovu la hewa huzila silinda mpaka injini ikaanza kuunguza oili. Tena injini za huko si za magari pekee. Jenereta nyingi ndogo za petroli zina boya ndani ya sampu, ambalo oili ikishuka huizima injini. Hilo ndilo onyo la upungufu kwa maana halisi, nalo laweza kuizima hata injini yenye oili ya kutosha ikiwa imewekwa kwenye mteremko. Dawa yake ni kuisawazisha jenereta, kamwe si kukata waya wa boya. Injini za dizeli za silinda moja zinazoweza kuendesha karasha la kusagia mawe mara nyingi hazina taa, bali kidude chekundu kinachoinuka oili inapopata presha na kushuka injini inapozimwa. Kisipoinuka, kazi isimamishwe hata kama foleni ya mawe ni ndefu, kwa sababu injini iliyonoki husimamisha kazi kwa siku nyingi zaidi.

Vyuo vya ufundi, VETA ikiwemo, na waandishi wa vitabu vya mafunzo ya magari wanaombwa waandike majina haya mawili kila moja mahali pake, onyo la presha ya oili na onyo la upungufu wa oili, na waweke jaribio la ufunguo katika somo la kwanza la injini.