UZI: "Wageni wanachukua kazi zetu." Historia ya sentensi moja hapa ufuoni mwa Ziwa Victoria

Wadau, msimu umeanza. Uchaguzi ni Agosti 2027, lakini pita Kondele jioni, ukae dakika kumi tu na vijana wa boda wanaosubiri abiria. Utasikia midahalo miwili ikigeuka kuwa mmoja: uchumi na wakimbizi. Unga ni ghali, kazi hakuna, halafu mtu anamalizia, "na hao wakimbizi nao wanapewa vitambulisho." Wote wanatikisa kichwa, stori imeisha.

Huu uzi ni mrefu. Sitataja mwanasiasa wala chama, kwa hivyo ukija na mambo ya mrengo wako nitakupita tu. Nataka tufuate hiyo sentensi hapo juu, tuone ilisemwa wapi, kuhusu nani, na ikaishia wapi. Kwetu Nyanza jibu linauma kidogo.

Kwanza, mpaka wenyewe. Reli ilipofika hapa Desemba 1901, mahali hapa paliitwa Port Florence na palikuwa ndani ya Uganda. Mwaka 1902 Waingereza wakauhamisha huo mkoa mzima kuwa upande wa nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Mtu alilala Uganda akaamka kwingine bila kuhama kitanda. Ndiyo maana kwa miaka mingi kijana wa Nyanza akienda Jinja au Kampala kutafuta kibarua hakuona kama ameenda ugenini. Walifanya kazi za reli, wakakata miwa Kakira na Lugazi, wakaingia viwandani. Ilipoundwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1967, reli, posta na bandari zilikuwa za nchi zote tatu pamoja.

Sasa sikiliza. Oktoba 1970, serikali ya Uganda ilitangaza kwamba wafanyakazi wasio raia waondoke. Walioguswa zaidi ni Wakenya, takriban 30,000, na wengi wao walikuwa Waluo. Sababu iliyotolewa? Waganda hawana kazi, wageni wamezijaza. Na usisahau kwamba uchaguzi mkuu wa Uganda ulikuwa unatarajiwa 1971, na serikali ilikuwa imetoka tu kutangaza mwezi Mei kwamba inachukua hisa kubwa katika makampuni. Ilihitaji kumwonyesha mwananchi wa kawaida kwamba kuna kitu anapata. Kibarua wa kutoka Nyanza hakuwa na kura kule, wala hakuwa na wa kumtetea. Alikuwa mtu rahisi.

Muulize mzee yeyote wa huku aliyepita miaka sabini na mitano. Wengine walikuwa wamezaliwa kulekule, hawajui boma la babu liko upande gani. Walirudi na magodoro, na watoto wanaojibu kwa Kiganda.

Na huo uchaguzi wa 1971 haukuwahi kufanyika. Januari 25 mwaka huo jeshi lilichukua nchi. Agosti 1972 jeshi nalo likatumia sentensi ileile kwa Waasia: siku 90, muwe mmetoka. Watu walishangilia barabarani, maduka yakagawiwa. Baada ya miaka michache nchi iliyokuwa inajitosheleza kwa sukari ilikuwa inaitafuta kwa foleni, na biashara iliyobaki hai ilikuwa ya magendo. Kahawa ya Uganda ikawa inavuka mpaka usiku kupitia Chepkube, upande wa Bungoma. Wageni waliondoka, kazi hazikuja.

Kabla mtu wa Kenya hajatabasamu: sisi tulianza mapema. Sheria ya uhamiaji na ile ya leseni za biashara za 1967 ziliwabana Waasia wasio raia hadi maelfu wakakimbilia Uingereza, na Uingereza nayo ikapitisha sheria ya haraka mwaka 1968 kuwafungia mlango. Maduka mengi ya hapa Kisumu mjini yalibadilisha wenyewe kipindi hicho. Hiyo ni stori ya uzi mwingine.

Turudi mpakani. Utawala wa kijeshi ulipoanza kuua watu, Waganda wakaanza kuvuka kuja kwetu. Fikiria hesabu hiyo: mwaka 1970 tumefukuzwa, na muda si muda wale wale wanabisha hodi. Na Kenya ikafanya nini? Hakukuwa na kambi. Ulisajiliwa, ukatafuta nyumba, ukatafuta kazi. Shule za harambee zilikuwa zinachipuka kila mahali na walimu hawatoshi. Waliokimbia wengi walikuwa walimu, madaktari na wahadhiri. Kizazi kizima cha magharibi mwa Kenya kilifundishwa hesabu na fizikia na mwalimu kutoka Uganda. Katika vitabu vya siasa hicho kipindi kinaitwa sera ya mlango wazi. Mimi naona ilikuwa pia bahati: watu walikuwa wachache, na walikuja na vyeti ambavyo nchi ilikuwa inavihitaji.

Mwaka 1991 ukabadilisha kila kitu. Januari serikali ya Somalia ikaanguka, Mei ya Ethiopia ikafuata, na Sudan vita vilikuwa vinaendelea. Mwanzoni mwa 1991 Kenya ilikuwa na wakimbizi kama 15,000. Kufikia mwisho wa 1992 walikuwa wamepita 400,000. Hakuna serikali ambayo isingetetemeka. Hapo ndipo zikaja kambi za Dadaab, halafu Kakuma mwaka 1992, na sera ikawa: kaeni huko, msitoke bila ruhusa, mashirika yatawalisha. Kazi zikafungwa kwao. Ule mzigo ambao leo tunalalamikia tuliutengeneza sisi wenyewe hapo, kwa kumkataza mtu kufanya kazi halafu kumlaumu kwamba analishwa.

Lakini kuna kitu kingine cha 1991 ambacho midahalo ya TV hukiruka. Oktoba mwaka huo, wakati macho yote yako Dadaab, vita vya kikabila vililipuka katika shamba la Meteitei, Tinderet, hapa tu juu ya uwanda wa Kisumu. Vyama vingi vilikuwa vinarudi na uchaguzi wa Desemba 1992 unakaribia. Familia zikashuka kuelekea Muhoroni na nguo walizovaa tu. Kufikia 1993 watetezi wa haki za binadamu walikadiria waliouawa nchini kuwa takriban 1,500 na waliohamishwa 300,000. Kiswahili hakikuhangaika kutafuta neno jipya. Tuliwaita wakimbizi wa ndani. Wakenya, kwenye nchi yao, wakiambiwa hapa si kwenu. Ni sentensi ile ile, safari hii bila mpaka.

Halafu 2007. Hii wengi wetu tulikuwa watoto, lakini tunaikumbuka. Tume ya Waki ilihesabu waliokufa 1,133, na waliohama makwao walipita 600,000. Kisumu tunapenda kusimulia upande mmoja: polisi walivyopiga watu risasi, na mabasi yaliyoleta watu wetu kutoka Naivasha na Nakuru mwishoni mwa Januari 2008. Yote ni kweli. Ni kweli pia kwamba hapa mjini majirani walifukuzwa kwa sababu ya majina yao, maduka yakachomwa, watu wakalala kituo cha polisi wakisubiri kusindikizwa. Ukiacha hiyo nusu, hujasimulia historia, umefanya kampeni.

Na takriban Wakenya 12,000 walivuka Busia na Malaba kwenda Uganda. Walipokelewa kambi ya Mulanda, Tororo, kisha wengine wakahamishiwa Kiryandongo wakapewa vipande vya ardhi walime. Uganda ile ile ya 1970. Kwa hivyo mtu akisema Kenya "haijawahi kutoa wakimbizi, inapokea tu," mtumie huu uzi.

Sasa tuje kwa kampeni za siku hizi. Weka tarehe mbili mbili kando kwa kando. Desemba 2012, amri inatoka kwamba wakimbizi wote wa mijini waende kambini. Uchaguzi ni Machi 2013. Mahakama Kuu ikaifuta Julai 2013, kura zimeshahesabiwa. Mei 2016, tangazo kwamba Dadaab itafungwa. Uchaguzi Agosti 2017. Mahakama ikasema Februari 2017 hatua hiyo ni kinyume cha Katiba. Machi 2021, UNHCR wanapewa siku 14 walete mpango wa kufunga kambi; uchaguzi Agosti 2022. Kambi bado ziko wazi leo.

Nisiwe mjanja sana. Katikati kulikuwa na Westgate, Septemba 2013, watu 67. Kulikuwa na Garissa, Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi kama mimi. Na amri kali ya 2014 haikuwa mwaka wa kampeni. Hofu ya usalama haikubuniwa na mtu wa mabango. Lakini amri inayotolewa mara tatu kabla ya kura na haitekelezwi hata mara moja, mimi naiweka kwenye fungu la matangazo ya kampeni mpaka nionyeshwe vingine.

Na zile kazi? Tuzungumze za hapa. Kicomi, kile kiwanda cha nguo kilicholisha nusu ya mtaa, kilifungwa miaka ya tisini soko lilipofunguliwa na mitumba ikamwagika. Miwani, kiwanda cha kwanza cha sukari nchini, kiliangushwa na madeni na usimamizi mbovu. Viwanda vya samaki vilichukua minofu ya mbuta vikapeleka Ulaya, mama wa hapa akabaki kuuza mgongo wazi. Baadaye mbuta yenyewe ikapungua, gugumaji likafunika ghuba, na leo samaki wa barafu kutoka China yuko sokoni kwa bei ambayo mvuvi wa Dunga hawezi kuishindana. Nitajie hapo ni kazi ipi ilichukuliwa na mkimbizi wa Kakuma. Huyo kwa miaka yote hiyo hakuruhusiwa hata kupanda basi kuja hapa bila kibali.

Watu wa Turkana wenyewe wana malalamiko ya kweli: kuni, maji, malisho. Lakini utafiti wa Benki ya Dunia wa 2016 ulikadiria kwamba kuwepo kwa wakimbizi kumeongeza uchumi wa Turkana kwa asilimia 3.4, na mwaka 2018 taasisi dada yake, IFC, ikakadiria soko la Kakuma kuwa la shilingi bilioni 5.8 hivi kwa mwaka. Huko Garissa nako kuna kichekesho kichungu. Maelfu ya Wakenya walijiandikisha kama wakimbizi wakati wa ukame ili wapate chakula, halafu wakashindwa kupata vitambulisho vya Kenya kwa sababu alama za vidole ziko kwenye mfumo wa wakimbizi.

Kuhusu hivyo vitambulisho: kadi ya mkimbizi si kitambulisho cha raia na haipigi kura. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unataka kambi zigeuke makazi ya kawaida, wenyeji na wakimbizi watumie shule na hospitali pamoja. Unaweza kuupinga. Kuna swali zito la nani atalipa, maana wafadhili wanakimbia: katikati ya 2025 chakula Kakuma kilishuka hadi chini ya theluthi ya kiwango kinachohitajika. Mwaniaji asiyekuwa na jibu la hilo swali, awe anaunga mkono au anapinga, anapoteza muda wako.

Na kuna kifungu kimoja ambacho sijawahi kusikia kikitajwa kwenye mdahalo. Sheria hiyo inamruhusu mkimbizi kutoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki aache hadhi ya ukimbizi kwa hiari, ili afaidi haki za raia wa Jumuiya, ikiwemo kufanya kazi. Sudan Kusini iliingia 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Hizo tatu ndizo nchi wanakotoka wakimbizi wengi zaidi walioko Kenya. Ni haki hiyo hiyo ambayo kibarua wa Nyanza angeihitaji kule Jinja Oktoba 1970.

Kama kuna mzee nyumbani kwenu aliyerudi mwaka huo, muulize alikuwa anafanya kazi gani na ni nani aliibaki nayo. Andika hapa chini, nitakusanya. Uzi ujao: nani alilipwa na nani aliachwa kati ya wakimbizi wa ndani wa 2008.