Nikawa namba 23: rafiki anayekufa katika vitabu vya interna



Mwenye alipita interna anajua apeli ya asubuhi. Mnasimama mbele ya vitanda, surveyani anapita na orodha, kila mtu anaitika. Katika mwaka wa tatu wa sekondari mimi nilikuwa namba 24. Kisha mwenzetu mmoja akashikwa na homa kali, wakampeleka kwao kwa pikipiki siku ya Ijumaa, na Jumatano habari ikafika. Kukawa misa moja na nusu siku ya kupumzika. Kesho yake surveyani alikuja na orodha mpya, imeandikwa vizuri, haina hata alama ya kufuta. Wote tuliokuwa nyuma yake tukapanda hatua moja. Nikawa namba 23. Hakuna mwenye alisema kitu. Tukaenda kula uji.

Naleta hii habari juu ya ulizo moja. Mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka 16, alikuwa anasoma Looking for Alaska kwenye simu. Akaniuliza: « Yomba, mbona katika vitabu vya interna lazima rafiki afe? » Nikamjibu haraka kwamba waandishi wanapenda kuliza watu. Lilikuwa jibu la uvivu. Usiku nikaanza kupanga vitabu kichwani, kimoja baada ya kingine, na nikaona kwamba hiyo habari iko na historia, tena historia yenyewe ilianza na makaburi ya kweli.

Twende Uingereza kwanza. Mwaka 1824 pasta mmoja wa Kianglikana, William Carus Wilson, alifungua shule ya wasichana pale Cowan Bridge, upande wa kaskazini, kwa mabinti wa mapasta wasiokuwa na feza nyingi. Patrick Brontë, pasta wa Haworth, alikuwa amefiwa na bibi yake na alibaki na watoto sita. Akapeleka wanne kule: Maria, Elizabeth, Charlotte na Emily. Chakula kilikuwa kibaya, baridi ilikuwa kali. Maria akarudishwa nyumbani na kifua kikuu, akafa tarehe 6 Mei 1825, akiwa na miaka 11. Mwanzoni mwa Juni baba akawaondoa Charlotte na Emily. Elizabeth, ambaye naye alikuwa amerudishwa mgonjwa, akafa tarehe 15 ya mwezi uleule, akiwa na miaka 10.

Charlotte alikuwa na miaka 9. Alikaa na hiyo habari zaidi ya miaka 20, na mwaka 1847 akaitoa katika Jane Eyre. Humo shule inaitwa Lowood. Jane, yatima asiyependwa na mtu, anakuta rafiki anayeitwa Helen Burns, mkubwa kwake kidogo, anayesoma vitabu na kukohoa. Ugonjwa wa tifusi unaingia shuleni, wasichana wengi wanakufa, na Helen anaondoka na kifua kikuu chake pembeni, kimya. Jane anamtafuta usiku, anapanda kitandani kwake, wanalala wamekumbatiana. Asubuhi wanakuta mmoja analala na mwingine amekufa. Elizabeth Gaskell, aliyeandika maisha ya Charlotte mwaka 1857, alieleza wazi kwamba Helen ni Maria na Lowood ni Cowan Bridge. Watetezi wa Carus Wilson wakaja juu kwenye magazeti, na Gaskell akalazimika kupunguza ukali wa maneno yake katika toleo la tatu. Unaona? Watoto walikuwa wamekufa miaka 32 mbele, lakini watu wazima walikuwa bado wanapigania jina la shule.

Lakini kitu chenye kilinishika zaidi si kifo chenyewe. Ni ugomvi. Jane na Helen hawakubaliani. Mwalimu anampiga Helen fimbo, Helen anavumilia na anasema mtu asamehe. Jane anasema hapana, mwenye kukupiga bila sababu umrudishie, tena kwa nguvu, asirudie. Jane anaanza kujua yeye ni nani katika yale mabishano. Kisha Helen anakufa na mabishano hayakuisha. Mpaka mwisho wa kitabu Jane anaendelea kubishana naye moyoni: nisamehe, ao nisisamehe? Nikae, ao niende? Nafikiri njo hapo siri ya hivi vitabu ilianzia. Kijana wa miaka 14 hajijui peke yake. Anajijua kwa kulala kitanda pembeni ya mtu mwenye haifanani na yeye. Huyo mtu akiondoka, kunabaki maneno nusu.

Mwaka uleule wa 1857, wakati Gaskell alikuwa anapata matatizo, Thomas Hughes alitoa Tom Brown's School Days juu ya shule ya Rugby, mahali alisoma yeye mwenyewe chini ya mkuu Thomas Arnold. Hiki kitabu, nisiwafiche, kinanichosha. Kuko mpira, kuko mkubwa mwenye kuonea wadogo, kuko sala. Homa inaingia shuleni hapo pia, mwanafunzi mmoja anakufa, na kitabu kinapita haraka juu yake, kwa sababu Arthur, yule rafiki dhaifu wa Tom, anapona. Kilio kikubwa kimewekwa mwisho, kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mkuu wa shule. Tom anarudi Rugby kusimama kwenye kaburi la Arnold, aliyekufa mwaka 1842. Vitabu vingi vya shule vilifuata hiyo njia kwa miaka mingi: shule inafinyanga mtu, na mtoto aliyekufa ni somo tu kwa waliobaki.

Vita njo zilivunja hiyo njia. Mfaransa Alain-Fournier alitoa Le Grand Meaulnes mwaka 1913, habari ya kijana mrefu mwenye kuja kukaa kwa mwalimu wa kijiji ili asome, na ya rafiki anayemfuata kwa macho maisha yote. Tarehe 22 Septemba 1914 mwandishi aliuawa vitani karibu na Verdun, hajafika hata miaka 28. Mwili wake ulipatikana mwaka 1991, katika shimo moja na wenzake. Kitabu hakina vita ndani yake, lakini tangu siku ile ni vigumu kukisoma bila kusikia mizinga.

Kwa John Knowles vita iko mlangoni. A Separate Peace ilitoka kwanza London mwaka 1959, kisha Marekani mwaka 1960. Knowles alikuwa amesoma Phillips Exeter, interna ya watoto wa watu wakubwa, na katika kitabu akaiita Devon. Tuko mwaka 1942. Wavulana wanajua kwamba wakifikisha miaka 18 jeshi linawangoja. Gene ni mwenye akili ya darasani. Phineas, wanamwita Finny, ni mwenye kucheza michezo yote na kupendwa na wote, hata walimu. Wanalala chumba kimoja. Finny ameanzisha mchezo wa kuruka kutoka mti mrefu mpaka mtoni. Siku moja wako wawili juu ya tawi, Gene anakunja magoti, tawi linatikisika, Finny anaanguka na kuvunjika mguu.

Alifanya makusudi? Gene mwenyewe hajui, ao anajua na hataki kujua. Kinachofuata hakuna mwalimu mwenye alituonyesha, na kwangu ni kitu kikubwa kuliko kuanguka. Gene anabaki peke yake chumbani, anafungua nguo za Finny, anavaa shati lake la rangi ya waridi, anasimama mbele ya kioo. Kwa dakika chache amekuwa Finny, na anasikia amani. Wivu wa vijana njo uko vile. Hautaki kitu cha mwenzako, unataka kuwa yeye. Baadaye wenzao wanamuhukumu Gene usiku, mchezo-mchezo, Finny anakimbia kutoka, anaanguka tena kwenye ngazi za marmari. Daktari anarudisha mfupa. Uboho unaingia katika damu, unafika moyoni, na Finny anakufa juu ya meza ya upasuaji. Gene halii kwenye mazishi, kwa sababu anaona ni yeye mwenyewe wanayemzika. Kitabu kinaanza miaka 15 baadaye: mtu mzima anarudi shuleni kuangalia mti na ngazi, basi.

Knowles hakukiandikia watoto, ni walimu wa Marekani waliokitia darasani. Zile vitabu zenye kuandikwa kwa ajili ya vijana hasa zilipata nguvu baadaye kidogo, wengi wanahesabu tangu The Outsiders ya mwaka 1967, ambayo S. E. Hinton aliianza akiwa bado mwanafunzi wa sekondari.

Na sisi huku? Tulikuwa na chetu, tena mikononi, na hatukukiona. L'Enfant noir ya Camara Laye, mwaka 1953. Wengi wetu tulikisoma kwa Kifaransa tukaulizwa interogasyo juu ya nyoka mweusi na juu ya baba anayefua dhahabu. Nani aliulizwa juu ya Check? Laye yuko anasoma Conakry, mbali na kwao Kouroussa, na marafiki zake wawili, Kouyaté na Check, wanasomea ualimu mahali pengine. Wanakutana wakati wa likizo. Check anaumwa tumbo. Wanajaribu dawa za waganga, kisha hospitali ya mzungu, na vyote vinashindwa. Wale wawili wanakaa karibu na kitanda mpaka mwisho. Baada ya mazishi Laye anaogopa giza: usiku ukifika anamuona rafiki yake akirudi. Hakuna mkuu wa shule hapo, hakuna somo. Ni vijana wawili na woga wao. Nilikuwa na miaka 15 wakati tulifika hizo kurasa, mwaka mmoja baada ya ile misa yetu. Mwalimu alisema « ukurasa unaofuata ».

Sasa nirudi kwa kitabu cha mtoto wa dada. John Green alisoma interna ya Indian Springs pale Alabama, na Looking for Alaska ilitoka mwaka 2005. Miles anafika shule mpya bila rafiki, anapewa jina la utani, anakuta Alaska, msichana mwenye vitabu vingi na huzuni nyingi. Kitabu kimegawanywa mbili, kabla na baada, na sura zinahesabu siku: 136 kabla, mpaka 136 baada. Katikati, usiku mmoja, Alaska amelewa, anataka kutoka na gari, na Miles na mwenzake wanamsaidia kutoka: wanawasha baruti ili msimamizi akimbilie kule. Anakufa barabarani. Alijiua, ao ilikuwa bahati mbaya? Hawatajua. Mwaka 2015 kilikuwa cha kwanza katika orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi katika maktaba za Marekani. Wazazi walikasirikia mambo ya mapenzi. Kwangu mimi jambo gumu ni lile la baruti: rafiki anayefungua mlango kwa sababu ni rafiki.

Kimoja bado, na hiki kiko karibu na mipaka yetu. Scholastique Mukasonga alizaliwa Rwanda mwaka 1956, akasoma lise ya wasichana Kigali, na mwaka 1973 wanafunzi Watutsi walipofukuzwa mashuleni akakimbilia Burundi. Mwaka 1994 mama yake na watu wengi wa familia yake waliuawa. Notre-Dame du Nil, iliyopata tuzo ya Renaudot mwaka 2012, inatuweka katika lise ya masista juu mlimani, karibu na chanzo cha Nili. Wasichana wanapika kwa siri, wanazungumza juu ya wachumba, wanacheka walimu wazungu. Watutsi wamewekewa kiwango cha asilimia 10. Virginia na Veronica wako kati yao. Gloriosa, binti wa mkubwa wa serikali, anaona sanamu ya Bikira Maria ina pua ya Kitutsi, anataka kuivunja na kuweka nyingine. Unacheka, kweli unacheka. Kisha uwongo mdogo wa Gloriosa unazaa mwingine, na vijana wenye rungu wanapanda mlima. Veronica anauawa. Virginia anaokolewa na Immaculée, mwanafunzi mwenzake ambaye si Mtutsi.

Hapa si homa, si tawi la mti, si gari. Orodha yenyewe ya shule njo inaua: nani ni nani, wangapi, kitanda gani. Na Immaculée, ambaye hakuwa rafiki mkubwa wa Virginia, njo anageuka rafiki katika usiku mmoja.

Nimemwambia mtoto wa dada hayo yote, kwa maneno machache kuliko haya. Amesikiliza, kisha akauliza yule mwenzetu alikuwa namba ngapi. Nikajibu 19. Akauliza: na namba 20, aliyepanda kuchukua nafasi yake kabisa, alikuwa nani? Nikashindwa kumjibu. Nakumbuka orodha ya pili yote, kwa sababu tuliitika kwayo mpaka mwisho wa mwaka. Ile ya kwanza imepotea kichwani.

Mwenye iko nayo katika daftari ya zamani, hata picha yake tu, anitumie.