Shimo la Mbinga na Shimo la Yatenga

Ukisimama ng'ambo ya bonde huko Umatengo, wilayani Mbinga, masika yakielekea ukingoni, mlima ulio mbele yako huonekana kama sega la nyuki. Kila tundu ni shimo la ngoro, na matuta yanayolizunguka ndiko maharage yanakoota. Kilimo hiki cha ngoro kilikomazwa na hofu. Katika karne ya 19 Wamatengo walijibana milimani kuwakwepa Wangoni, na watu waliosongamana kwenye miteremko mikali hawana nafasi ya kuhama kila shamba linapochoka. Iliwabidi walilime lile lile mwaka baada ya mwaka, bila kuliacha literemkie mtoni.

Kazi huanza na nyasi. Mnamo Machi hufyekwa, huachwa zikauke, kisha hupangwa kwa mistari inayokatana hadi mteremko mzima ugawanyike miraba. Hapo ndipo jembe linapoingia: udongo wa katikati ya mraba huchimbwa na kufukiwa juu ya nyasi. Katikati hubaki shimo, pembeni huinuka tuta lenye mboji tumboni. Maharage hutangulia, mahindi hufuata mvua za mwisho wa mwaka zikianza. Maji yakiporomoka hayapati masafa ya kushika kasi. Hukwama shimo kwa shimo na kutua tope lao humo humo.

Kaskazini mwa Burkina Faso, katika nchi ya Yatenga, tatizo ni kinyume chake. Ukame wa miaka ya 1970 na 1980 uliacha mashamba tambarare yenye gamba gumu, na hata mvua ilipopatikana iliteleza juu yake ikaenda zake. Wamosi walikuwa na desturi ya kuchimba vishimo vidogo, zaï, kwenye ardhi ya namna hiyo. Yacouba Sawadogo, mkulima wa kijiji cha Gourga karibu na Ouahigouya, akavipanua, akavizidisha kina, akaanza kuvichimba kiangazi na kuvitia samadi kabla ya mvua. Samadi ikawaita mchwa. Ni mkulima gani wa kwetu angewaalika mchwa shambani? Lakini mchwa hao walitoboa njia chini ya gamba, maji yakapata pa kuingilia, mtama na uwele vikashika. Ndani ya samadi zilikuwamo pia mbegu za miti. Zilipochipua aliziacha, na baada ya miaka akawa na msitu. Majirani waliomwona amerukwa na akili walikuja kuiga, ingawa kabla ya hapo msitu wake uliwahi kuchomwa moto.

Kwa hiyo shimo la Mbinga halipandwi kitu, na la Yatenga ndimo mbegu inamowekwa. Moja linazuia maji yasibebe udongo, jingine linayaomba yakae. Anayesema Afrika inahitaji "mbinu ya mashimo" hajasema lolote bado, mpaka aeleze mteremko ni upi na mvua ni ipi. Waingereza waliokuwa wakitawala Tanganyika walilijua hilo, au walikuwa na kila sababu ya kulijua: mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya A. H. Pike kuhusu namna Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Hata hivyo, miaka ya 1950 serikali yao hiyo hiyo iliwashurutisha Waluguru kuchonga matuta ya ngazi milimani kwao. Mwaka 1955 Waluguru waliandamana kwa ghasia, na mradi ukafa.

Siku hizi kiboko kimeondoka, zimekuja sifa. Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa mwaka 2015 yanataka njaa iishe ifikapo 2030, na kilimo kisichochosha ardhi kimo ndani ya lengo hilo la pili. Sawadogo alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018 na ile ya Mabingwa wa Dunia ya Umoja wa Mataifa mwaka 2020. Alifariki Desemba 2023. Alipokuwa akisifiwa ng'ambo, mji wa Ouahigouya ulikuwa ukitanuka, na sehemu ya msitu wake ikapimwa viwanja. Aliifufua ardhi iliyokuwa imekufa, na ilipofufuka ikawa na thamani machoni pa wengine. Sioni ugumu wa kuelewa kwa nini kijana wa Yatenga anachagua kwenda kutafuta kibarua Ivory Coast.

Umatengoni swali la ardhi lina jibu bora kidogo. Ukoo hushika ntambo, yaani mgongo mzima wa mlima kati ya vijito viwili, na mrithi anajua analochimbia. Kinachonisumbua huko ni nani anachimba. Kwa desturi mwanamume hufyeka nyasi, mwanamke huchimba na kupanda. Tangu kahawa iingie miaka ya 1920, mwanamume ana mibuni yake na fedha zake. Jembe la ngoro limebaki kwa mama. Tunapoitaja ngoro kama hekima ya mababu, tunasahau kwamba kila mraba ni mgongo wa bibi fulani uliopinda. Wanawake huitana kwa ngokela, zamu za kulimiana kwa ujirani, na hiyo hupunguza upweke wa kazi kuliko inavyopunguza kazi yenyewe.

Zaï nayo hula mamia ya saa kwa hekta, tena katika jua la kiangazi, lakini watafiti wa Burkina Faso wametengeneza jino la chuma linalokokotwa na ng'ombe au punda, likapasua gamba kwa sehemu ndogo ya muda huo. Chombo hicho hakiwezi kupelekwa Mbinga, maana kwenye miteremko ile maksai hasimami. Anayeweza kumpunguzia mama kazi huko ni mtu mwingine mwenye jembe, na huyo kwa sasa yuko kwenye mibuni.