Nishati jadidifu katika Karatu na Ngorongoro

Nishati jadidifu katika Karatu na Ngorongoro ni vyanzo vya nishati visivyokwisha, hasa jotoardhi, jua, upepo, maji na biogesi, vinavyotumika au kuchunguzwa katika wilaya hizo mbili za Mkoa wa Arusha, kaskazini mwa Tanzania. Eneo hili lina mji wa Karatu na kata za wakulima kama Ganako, pamoja na Kreta ya Ngorongoro, mlima Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron. Vyanzo hivyo vinapimwa kwa makini kwa sababu kanda ya kaskazini iko mbali na mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme nchini.

Umeme wa gridi

Umeme mwingi wa Tanzania hutokana na gesi asilia na maji. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, yaani jumla ya megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kazi Februari 2024. Umeme huo husafiri mamia ya kilomita hadi Arusha, na sehemu yake hupotea njiani kwa kuwa nyaya hupata joto. Vituo vya Mto Pangani, yaani Nyumba ya Mungu (megawati 8), Hale (21) na Pangani Mpya (68), viko karibu zaidi, lakini ni vidogo na hutegemea mvua.

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba serikali ilikusudia kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kanda ya kaskazini, akitaja upotevu huo kuwa sababu. Kwa hiyo tatizo la kaskazini si uhaba wa mitambo nchini pekee, bali pia ni mahali mitambo hiyo ilipo.

Jotoardhi

Wilaya zote mbili ziko katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Ol Doinyo Lengai ni volkeno hai iliyolipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008, na chemchemi za maji moto hutokea kandokando ya Ziwa Natron.

Hata hivyo volkeno peke yake haitoshi. Kituo cha jotoardhi huhitaji mambo manne chini ya ardhi: chanzo cha joto, maji, miamba yenye nyufa za kupitisha maji hayo, na tabaka la juu linalozuia mvuke usitoroke. Uhakika hupatikana kwa kuchoronga visima, ambavyo huweza kufika kina cha kilomita 2 hadi 3. Kisima kikikosa mvuke, fedha zake hazirudi. Ndiyo maana hatua hii hubebwa zaidi na serikali kuliko wawekezaji binafsi.

Nchini Tanzania kazi hiyo imepewa Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania (TGDC), kampuni tanzu ya TANESCO. Natron ni moja ya maeneo inayoyachunguza, pamoja na Ngozi, Kiejo-Mbaka, Songwe na Luhoi. Hadi mwaka 2025 Tanzania haikuwa na kituo cha jotoardhi kinachozalisha umeme. Kenya, iliyo katika bonde hilohilo, ilianza Olkaria mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, na sasa hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutokana na jotoardhi.

Vyanzo vingine

- Jua: Eneo liko karibu na ikweta na hupata jua mwaka mzima, ingawa nyanda za juu hupata ukungu na mawingu. Paneli hufungwa kwa muda mfupi na zinafaa maboma yaliyo mbali na nguzo za umeme, lakini usiku huhitaji betri.
- Upepo: Kasi yake hupimwa kwa mwaka mzima au zaidi kabla ya kujenga. Nguzo ndefu huweza kudhuru ndege na kubadilisha mandhari ya hifadhi.
- Maji: Chemchemi za msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro hutumika kwa kunywa na kwa kilimo, kikiwemo kilimo cha vitunguu cha Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi. Nafasi ya kuzitumia kwa umeme ni ndogo.
- Biogesi: Samadi ya ng'ombe wawili au watatu wanaofugwa zizini huweza kutosha mapishi ya kaya. Haiongezi umeme wa gridi, bali hupunguza ukataji wa kuni.

Ulinganisho

Megawati za vyanzo hivi hazilingani kwa uzalishaji. Kituo cha jotoardhi cha megawati 10 kinachofanya kazi asilimia 90 ya mwaka hutoa takriban uniti milioni 79. Paneli za megawati 10 zenye wastani wa asilimia 20 hutoa takriban uniti milioni 17.5. Ili kufikia kiasi kilekile zinahitajika paneli za megawati 45, pamoja na betri kwa ajili ya usiku. Kwa upande mwingine, paneli huweza kuwashwa ndani ya miezi, wakati jotoardhi huchukua miaka mingi tangu uchunguzi hadi umeme.

Mazingira na wakazi

Ngorongoro ni Urithi wa Dunia tangu 1979, na mwaka 2018 UNESCO iliitambua Ngorongoro-Lengai kuwa jiopaki. Ziwa Natron, lililolindwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2001, ndilo mazalio makuu ya heroe wadogo Afrika Mashariki. Katika miaka ya 2000 mpango wa kiwanda cha magadi ziwani ulipingwa kwa ajili ya ndege hao.

Olkaria hutoa funzo lingine. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha kituo cha Olkaria IV. Malalamiko yao yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, kisha usuluhishi ukafanyika. Natron nako kunakaliwa na wafugaji wa Kimaasai, hivyo haki ya ardhi, malisho na maji inahitaji kuamuliwa kabla ya visima kuchorongwa.

Kwa sababu hizo jua na biogesi zinafaa mahitaji ya sasa ya kaya, shule na zahanati, ilhali jotoardhi ni tegemeo la baadaye la gridi ya kaskazini, endapo visima vitathibitisha kuwa mvuke upo.