Ua wa Ndani katika Ploti ya Hamsini kwa Mia

Kuanzia Kitengela hadi Kona Baridi, nyumba inayouzwa kwa jina la Mediterania hujitambulisha kabla hujafika langoni: paa la vigae vyekundu, matao barazani, nguzo mbili za zege, kuta za rangi ya mchanga. Nashikilia kwamba tumechukua sura yake tu. Kiini chake, yaani ua uliozungukwa na vyumba, tumekiacha, ilhali ndicho kinachoifaa Kajiado, pengine kuliko kinavyoifaa Mediterania yenyewe.

Jua ndilo shahidi wa kwanza. Athens iko nyuzi 38 kaskazini mwa ikweta. Mwezi Desemba jua la adhuhuri hupanda hapo nyuzi 29 hivi, na ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha zaidi ya mita 5, kwa hiyo ua mdogo hushinda kivulini majira yote ya baridi. Kajiado, nyuzi zisizofika 2 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 64 mwezi wowote, na kivuli cha ukuta uleule hakizidi mita moja na nusu. Ua wa mita 4 kwa 4 hapa hupata jua la mchana mwaka mzima. Ni kweli kwamba Juni hadi Agosti mawingu hutanda. Lakini miezi hiyo adui mkubwa ni upepo, na ua uliokingwa na vyumba pande zote huuzuia, wakati baraza la matao linalotazama mashariki huupokea wote. Mitambo ya upepo ya kampuni ya umeme ya KenGen juu ya vilima vya Ngong haikuwekwa pale bure. Nao usiku wa baridi una dawa: mawe ya inchi 9 kwa 9 tunayojengea yana unene wa kutosha kutunza joto la mchana hadi usiku. Hakuna cha kuagiza ng'ambo.

Wala ua si mgeni kwetu. Nyumba ya mawe ya Lamu humpitisha mgeni dakani, yaani baraza la nje, kisha tekani, baraza la ndani, ndipo afike kiwandani, uwanja ulio wazi juu ambao vyumba huvutia hewa na mwanga kutoka kwake. Boma la Wamaasai nalo huzungusha nyumba pembeni na kuliacha zizi katikati. Msanifu wa Kajiado ana walimu wawili kabla ya kufungua kitabu cha Uhispania.

Kuna pia maji. Katika nyumba nyingi za kale za Mediterania, paa lilielekeza mvua uani, ikaingia kwenye birika chini ya sakafu. Visima vingi vya Kajiado hutoa maji ya chumvi au yenye floridi nyingi. Paa la mita 150 za mraba likipata milimita 500 za mvua kwa mwaka, ni lita 75,000 kabla ya kutoa zinazopotea.

Kinachozuia ni ploti. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na ardhi ikaendelea kukatwa hadi ploti za futi 50 kwa 100. Sheria ndogo za ujenzi za 1968, zilizofuata mtindo wa Uingereza, zilituzoesha nyumba inayosimama peke yake, mbali na mipaka yake. Ukiacha mita 2 kila upande wa ploti yenye upana wa mita 15, umepoteza zaidi ya robo ya upana kwa vichochoro viwili vya kuanikia nguo. Ukiunganisha vichochoro hivyo, ua umepatikana bila kununua hata futi moja.

Kaunti ingeweza kuwaruhusu majirani kujenga hadi mpakani, kwa ukuta wa pamoja usiopitisha moto wala kuwa na madirisha. Ila ruhusa hiyo haitoshi peke yake. Fleti zinapanda haraka Kitengela, na ukuta wa mita 15 ukisimama upande wa kaskazini, kivuli chake cha adhuhuri mwezi Juni hufika mita 7, yaani ua wote na sehemu ya sebule. Kibali cha kujenga mpakani lazima kitolewe pamoja na kikomo cha urefu kwa mtaa mzima, na kikomo hicho kiandikwe kabla ploti ya kwanza haijauzwa.